Sel za Harusi ya Saruli

Mizinga ya Waingereza haikutuvunja moyo sisi Wagorkha wa ngome ya Nalapani, milimani Himalaya. Kuta zilibomoka, tukaziba kwa mawe. Kiu ndiyo iliyotushika pabaya. Mitungi ilipasuliwa na risasi, na mwanangu Harkhe, asiyejua hata kutembea, alikuwa akilia bila machozi.

Ilibaki chemchemi moja iliyofichwa na miba, nje ya ukuta. Alinionyesha zamani mitini wangu, yaani rafiki yangu wa kiapo, mwanamke wa Kigarhwali wa kijiji cha bondeni. Tulifungwa umitini mbele ya miungu, tukabadilishana nguo na kupakana tika, rangi nyekundu ya baraka, kwenye paji la uso. Tangu siku ile tulikuwa zaidi ya ndugu wa tumbo moja, na ni mwiko mitini kumwita mwenzake kwa jina. Watu wangu waliiteka nchi ya watu wake, lakini kati yetu wawili niliamini hayo yamekwisha. Mjinga mimi.

Asubuhi hiyo niliteremka na kibuyu, nikakuta tope. Juu kidogo askari wa Waingereza walikuwa wakichimba mfereji wa kuyageuza maji, na mitini wangu amesimama kati yao, akiwaelekeza kwa kidole.

"Mitini! Unatuua! Harkhe anakufa kwa kiu!"

"Dhanmati!" Aliniita kwa jina, kwa sauti, mbele ya wanaume. "Usiniite mitini tena. Kamuulize mumeo binti yangu yuko wapi."

"Saruli? Si mlimwoza kabla ya vita? Nilimpikia sel za harusi, mikate ya mchele ya kukaanga, kapu zima, mume wangu Jasbir mwenyewe akawaletea!"

"Harusi ipi, we mwanamke? Jasbir alikuja kudai kodi, tukakosa. Akamfunga mwanangu kamba, akaenda kumuuza sokoni Haridwar." Akatema mate. "Mlete mtoto nimnyweshe, yeye sina ugomvi naye. Nyinyi wawili mnywe mkojo wenu."

Nilimkuta mume wangu ukutani, ananoa khukuri yake.

"Saruli yuko wapi?"

Hakuinua macho. "Kodi ni kodi. Sheria sikutunga mimi."

"Na sel nilizopika?"

"Tulizila njiani, mimi na askari." Akapitisha kidole kwenye makali. "Naye nilimpa moja. Alikuwa analia njaa."

Nilidhani nimeumizwa kule chemchemini. Kumbe bado. Mitini wangu alinitangazia uadui mchana kweupe. Huyu alinirudishia kapu tupu na salamu za shukrani kutoka kwa mama wa bibi harusi, akaja kulala ubavuni mwangu. Nilimchukia.

Nikamfunga Harkhe mgongoni. "Mitini ndiye aliyewaonyesha Waingereza chemchemi, lakini mtoto atamnywesha."

"Unampeleka kwa msaliti?" Jasbir alisimama. "Una wazimu? Atamuuza!"

"Yeye hajui kuuza watoto wa watu, baba Harkhe. Kazi hiyo ni yako."

Nikapita mbele ya bunduki za wenzake. Walikuwa wamesikia yote, na hakuna aliyenizuia.