Tawi Jekundu Ndooni

Mwenye nyumba ya wageni pale Matema alitaka bustani ambayo kiangazi kikifika majani yake yawake rangi. Lutengano, mtunza bustani wake, asiyependa kufundishwa kazi, alisema miti atachagua yeye. Kando ya uzio alipanda mikungu, kwa kuwa majani yake huwa mekundu kabla ya kudondoka. Lakini mikungu ilikuwa bado michanga, na yeye hakuwa na subira. Akaenda Bondeni kwa Israeli, muuza miche, akaona kichaka chenye majani ya rangi ya damu, akakichukua. Israeli alikuwa na neno la kumwambia. Lutengano alishadandia pikipiki.

Sasa kichaka kilikuwa kimestawi. Asubuhi moja alikata matawi mawili yaliyozidi, akayatupa kando ya njia ya ziwani. Utomvu mweupe ulimrukia mkononi. Kufikia mchana ngozi ilikuwa imetoka malengelenge. Akampigia Israeli.

"Ile ni sumu, kaka. Nilikuita, ukasema unajua miti kuliko mimi. Isiguse jicho wala mdomo."

Lutengano alikimbilia njiani alikoyatupa matawi. Tawi moja halikuwepo. Akakimbilia nyumbani, maana wanawake wote wa pale, wakiteka maji ziwani, huchuma tawi lolote la karibu na kuliweka juu ya ndoo ili maji yasimwagike kichwani.

Nyumbani alikuta ndoo jikoni. Tawi jekundu lilielea. Kikombe kando yake kilikuwa kimelowa.

"Nani amekunywa?"

Kisa, mkewe, alicheka. "Tawi la bwana bustani hilo. Na mimi nimechagua kwa rangi." Kisha akamtazama usoni, kicheko kikakauka. "Mercy. Amekunywa, akaenda kulala."

Mtoto alilala mkekani, ameelekea ukutani. Lutengano alimwita. Kimya. Akamwita tena, akimshika bega. Mercy akageuka, midomo imevimba.

"Yanachoma, baba. Nilitema."

Kwenye zahanati, muuguzi alimsafisha kinywa, akasema wasubiri, wamwangalie pumzi. Lutengano, mwenye jibu kwa kila mtu, aliuliza amwangalie vipi. Kila mara kifua cha mtoto kilipokawia kuinuka, chake kiliganda.

Jua likielekea kuzama, Mercy akaomba maji. Muuguzi alileta kikombe. Lutengano akakipokea, akanywa kwanza yeye, akangoja, ndipo akampa.