Deraya Nyekundu ya Shekue

Usingizi hauna adabu. Unamchukua Shekue adhuhuri, katikati ya nyumba ya harusi iliyojaa watu, ameegemea ukuta, sikio moja bado liko kwenye umbeya wa wanawake wanaomenya vitunguu. Ukuta unalegea kama uji, naye anapita. Upande wa pili kuna barabara inayozaa barabara, na mji ambao kila mlango ni kioo, na katika kila kioo anajiona amevaa deraya ya chuma, nyekundu, rangi ya waliosimama imara vitani. Anajua, kama mtu ajuavyo ndotoni, kwamba vita vimekwisha, kwamba rafiki yake Kitwana ameuawa, kwamba yeye mwenyewe alitimua mbio. Na mila ya mji anaijua: mtu hajipaki rangi ya deraya yake, hupakwa na aliyemwona akipigana. Yeye kajipaka kwa siri, na rangi bado inanuka. Anatokea mtu asiye na uso, anamwongoza. Kitendawili, asema. Tega. Wapita njia wote wanakiona, mwenyewe hakioni. Shekue anamkatiza: ah, ndugu yangu, vitendawili baadaye, mimi naitwa karamuni kwa mamake Kitwana. Barabara zinajikunja, zinarudi, na nyuma yake vicheko vinaongezeka. Shoga, umeona? Nimeona, nyamaza, asitusikie. Akigeuka, wote wanatazama juu kama watafuta mwezi mchana.

Bi Mize, mamake Kitwana, amesimama mlangoni. Amepika, ameita mji mzima, anangoja neno moja tu: nani alikuwa ubavuni mwa mwanawe alipokufa. Anaiona ile nyekundu, uso unamkunjuka. Kumbe alikuwa nawe! Njoo, mwanangu, njoo. Anamkumbatia, na mikono yake inazunguka, inafika mgongoni, inapapasa, inasimama. Chuma kitupu, baridi, maana mkono wa mtu haufiki mgongoni kwake. Huku nyuma hakukupaka mtu, baba? Bi Mize anawageukia wageni: nani alimwona huyu vitani? Hakuna anayekohoa. Basi, asema polepole, akiondoa mikono, mwanangu alikuwa peke yake.

Shekue anashtuka, au anadhani ameshtuka. Nyumba imejaa, watu wanacheka. We Shekue, umelala kama gunia! Hebu geuka tupitishe sufuria, linatuunguza! Jasho linamtiririka. Hajui nyumba hii ni ipi, wala wanaomcheka ni wa upande gani. Sufuria linangoja, mvuke unampiga usoni, naye anaubana mgongo ukutani, hageuki.