Amri ya Kubadilisha Jina

Jerotich alikuwa amechoshwa na kufundisha watu wazima kompyuta pale Eldoret. Ya jana wanayasahau leo. Mama Waithira kutoka Burnt Forest alichomeka flashi yake, akauliza amri moja tu: ya kubadilisha jina kila mahali kwa mpigo mmoja.

"Bonyeza Control na H," Jerotich akamjibu kwa ukali. "Juu andika jina la zamani, chini jipya."

Mama akaandika polepole, kwa kidole kimoja. Juu, Mungai. Chini, Wanjohi.

Jerotich akainama kuhakikisha. Ilikuwa ratiba ya mazishi ya mwaka jana, ya Mungai, kifungua mimba wa mama huyo.

"Wanjohi ndiye mwana aliyekuwa amenibakia," mama akasema. "Sasa nionyeshe ya kubadilisha picha."