Sahani za Bwana Eakin

Mjini Calder, kando ya mto Ohio huko Marekani, mtu hakuanza kula kabla ya kugeuza sahani. Hata harusini, hata penye msiba, ungeona watu wazima wakiinua sahani tupu na kuchungulia chini yake wausome muhuri wa kiwanda, ndipo wapakue. Mji mzima uliishi kwa vyombo vya udongo. Neva Stalnaker alikuwa akibandika vishikio vya vikombe tangu usichana wake, na udongo mweupe ulikuwa umemkausha vidole vikapasuka, hata soksi za kwendea kanisani alizivaa akiwa na glavu mikononi asije akazichana.

Mwaka huo kiwanda kilikuwa kinapunguza watu. Madukani vyombo kutoka ng'ambo vilikuwa vimejaa, bei ya kutupa, na wakubwa wa kiwanda walikuja mezani na nyuso za huzuni wakitaka chama cha wafanyakazi kikubali mishahara ishuke. Chama kikakataa. Lakini kukataa hakuuzi vikombe, kwa hiyo kikaunda kamati ya kina mama ya kuwahimiza watu wanunue vyombo vya nyumbani. Neva akawa mwenyekiti. Alikuwa na sauti, na hakumwogopa mtu.

Ijumaa moja asubuhi aliingia na wenzake katika mgahawa wa Thurman Eakin, uliotazamana na lango la kiwanda. Walikula pale kila Ijumaa kabla ya zamu. Lorene, mhudumu, alimletea mayai na viazi vya kukaanga kama kawaida, bila kumuuliza anataka nini. Neva aliitazama sahani. Ilikuwa nyepesi mno, na ukingo wake ulikuwa mweupe kwa namna asiyoijua. Haikuwa rahisi kuigeuza ikiwa na chakula. Akachukua uma, akayakwangua mayai na viazi vyote mezani, kisha akaiinua sahani juu, tupu, ute wa yai ukichuruzika, na kuusoma muhuri wake.

"Lorene," alisema, na sauti ikafika hadi jikoni, "mwite tajiri yako."

Bwana Eakin akatoka akivuta nyonga yake mbovu.

"Thurman, hii nini?"

"Sahani, Neva."

"Imetoka wapi?"

"Dukani."

Watu wakacheka. Neva hakucheka. "Unawalisha wafinyanzi kwenye sahani inayowanyima kazi. Huoni haya?"

"Za kwenu bei yake ni mara mbili. Mimi hapa nina kodi, nina—"

"Sijakuuliza bei. Nimekuuliza kama huoni haya."

Akavaa koti. Fern Mackall, aliyekaa naye benchi moja kiwandani, akasimama pia, na baada ya Fern meza nzima, na baada ya meza ile mgahawa wote. Waliacha vikombe vikifuka moshi. Mlangoni Neva aligeuka kuangalia, na alichokiona ni Lorene ameinama na kitambaa, akizoa mayai yake. Hakuliwaza sana. Moyo wake ulikuwa umejaa, kama wa mtu aliyeimba vizuri kanisani.

Kwa wiki kadhaa hakuna mtu wa kiwandani aliyekanyaga pale. Kina mama walipokezana mlangoni na mabango, mvua ikinyesha, jua likiwaka, na mpita njia akitaka kuingia, Neva alimwita kwa jina ili aone haya. Mwishowe Bwana Eakin akasalimu amri. Akanunua sahani mpya, nzito, zenye muhuri wa Calder. Mtu wa gazeti akaja akampiga picha Neva na Bwana Eakin wakiwa wameshika sahani moja kati yao, mmoja anacheka, mwingine ametabasamu kama mwenye jino bovu.

Asubuhi waliyorudi mgahawani kusherehekea ushindi, aliyewahudumia alikuwa mke wa Eakin, mzito wa miguu, akichanganya kahawa ya huyu na ya yule.

"Lorene yuko wapi?" Neva aliuliza.

"Hayupo."

"Labda mafua," Fern akasema. "Siku hizi yamezagaa."

Ijumaa iliyofuata Lorene hakuwepo tena, wala ile iliyofuatia. Neva akaanza kukosa raha. Mama yake Lorene, Opal, alikuwa shoga yake wa miaka mingi kiwandani, mpaka vumbi lilipomwingia mapafuni likammaliza. Neva ndiye aliyemfunga Opal vifungo vya gauni la kuzikiwa. Siku ya Jumapili akaoka pai ya tufaha, akaenda.

Lorene alifungua mlango akiwa na nywele zimefungwa kitambaa.

"Mama mdogo Neva. Karibu, usiangalie fujo."

"Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, mzima kabisa."

"Basi mbona huonekani kazini? Tulikukosa kwenye sherehe."

Lorene akatabasamu lile tabasamu la mhudumu anayeambiwa supu ina chumvi. "Sikualikwa."

"Amekufukuza?"

"Amenipunguza. Alisema hela za sahani lazima zitoke mahali. Tulikuwa wawili, mimi na mkewe. Mkewe hawezi kumpunguza."

Neva alikuwa bado amesimama na pai mikononi. Lorene akaipokea, akaiweka mezani, akamvutia kiti.

"Kwa nini hukuja kwangu?" Neva alisema. "Chama kingemtia adabu yule."

"Chama kipi, mama mdogo? Mimi sina chama."

"Alikuwa anakulipa kiasi gani?"

Lorene akamtajia. Neva alidhani hakusikia vizuri, akamwomba arudie. Ilikuwa chini hata ya nusu ya mshahara wa msichana aliyeanza jana kiwandani.

"Hiyo si halali."

"Halali kabisa. Sheria inasema kilichobaki kinatoka kwenye bakshishi za wateja."

"Na bakshishi je?"

Lorene alikuwa akitafuta kisu cha kukatia pai, na alikitafuta muda mrefu kwenye droo ndogo. "Watu wa kiwandani ni watu wazuri," alisema. "Wanasalimia."

Joto lilimpanda Neva kutoka shingoni mpaka masikioni. Kila Ijumaa aliacha sarafu ile ile chini ya kisosi, tangu Lorene alipovaa aproni kwa mara ya kwanza. Mshahara wake mwenyewe ulikuwa umepanda mara ngapi tangu siku ile, na kila mara chama kilikuwa kimepiga meza na kushinda, na kila mara walikwenda kwa Eakin kusherehekea, na sarafu haikubadilika. Tena aliiacha akijiona mkarimu.

"Siku ile ya mayai," alisema, "ulinikasirikia?"

"Niseme kweli?"

"Sema."

"Nilikukasirikia. Mliondoka wote bila kulipa. Tajiri alinikata mimi." Lorene akampa kipande cha pai. "Lakini si hilo la fedha. Uliyamwaga mbele yangu na hukunitazama. Ungemwaga mbele ya mama hivyo?"

Neva alijaribu kula. Aliimeza pai kwa maji, kisha akaaga.

Kesho yake alimvaa Bwana Eakin mgahawani, kabla wateja hawajaingia. Hakupata alichokifuata.

"Uliniambia nione haya," mzee alisema, akipanga vijiko. "Nikaona, nikanunua. Sasa unataka nini tena?"

"Mrudishe Lorene."

"Kwa fedha ipi? Za sahani mmeshazila nyinyi."

Hakuwa akimkejeli. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa, na Neva akatoka.

Mkutano wa tawi la chama ulipofika, akasimama na hoja. Ukumbi ulikuwa na furaha, maana wakubwa walikuwa wamekubali kwamba mwaka huo mishahara haitaguswa. Neva akasema chama kiwasaidie wahudumu wa migahawa ya mjini wapate chama chao, na kwamba hakuna maana kudai sahani yenye heshima ikiwa anayeibeba hana heshima. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno hayo jikoni kwake. Hapo ukumbini yakasikika madogo.

Ray Delvecchio, mwenyekiti wa tawi, alikuna kidevu. "Dada Neva, roho yako nzuri tunaijua. Lakini sisi ni chama cha wafinyanzi. Katiba yetu haituruhusu kwenda kuchokoza mayai ya watu."

Watu wakacheka.

"Tena ndugu mwenyekiti," Fern akasema kutoka kitini, bila ubaya, kama anavyotaniwa rafiki, "huyu mwenyewe humwachia mhudumu sarafu ya senti ishirini na tano, na hapo anajiona amebariki."

Kicheko kikawa kikubwa zaidi. Ilikuwa kweli, na wote walijua ni kweli, kwa sababu wao pia walifanya hivyo. Hoja ikapigiwa kura, ikaanguka. Neva aliketi akitazama mikono yake mpaka mkutano ukafungwa.

Haikuwa rahisi kwenda tena kwa Lorene, lakini alikwenda, kwa sababu kutokwenda kungekuwa kubaya zaidi. Alimkuta akinyoosha sare ya bluu. Alikuwa amepata kazi ng'ambo ya daraja, katika nyumba ya kutunza wazee, kuwaogesha na kuwabadilisha shuka.

"Nilipeleka hoja," Neva alisema. "Imekataliwa."

"Nimesikia. Fern alimwambia dada yake, dada yake akaniambia." Lorene aliendelea kunyoosha. "Nimesikia na habari ya sarafu."

"Naona aibu, Lorene. Sijui niseme nini zaidi ya hapo."

"Usiseme." Akaigeuza sare upande wa pili. "Huko kwa wazee tuko wanawake tisa. Mishahara ni ile ile, ya kumliza mtu. Kuna wawili wanasema tuanzishe chama. Hawajui pa kuanzia, mimi pia sijui. Nyinyi mlianzaje?"

Neva alikuwa mwanachama tangu siku yake ya kwanza kazini. Alikuwa amelipa ada yake kila mwezi, amebeba mabango, amepiga kelele kuliko wengi. Lakini yule aliyeingia kwanza kwa tajiri na kumwambia sasa basi, aliyefukuzwa kwa hilo, aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwashawishi waoga, huyo hakumjua hata jina.

"Sikuanza," alisema. "Nilikikuta chama kipo."

Lorene aliinua macho kutoka kwenye pasi. Neva alitamani sakafu immeze.

"Haya," Lorene akasema. "Basi kaulize kwa wanaojua. Ukishajua, njoo utufundishe. Alhamisi tunatoka saa tisa."

"Nitauliza," Neva akasema.

"Na uje na daftari. Mimi nasahau."