Nimenawa Mikono

Usiku wa jana niliota mikono yangu imenikimbia, na kosa lilikuwa langu, maana nilisema mwenyewe.

Nilisema Ijumaa, mbele ya watu. Binti yangu Mwatumu alimleta mchumba wake, Yosti, kijana wa Kiholanzi, aje kula chakula cha mchana kwetu Tanga. Kijana alikuwa ameambiwa kwamba mkwe mwema huwanawisha wakubwa. Akaona kopo la buluu, zuri, lina mdomo na mshikio. Akalijaza maji, akaja nalo mkekani, akapiga goti, akamnawisha kaka yangu Shebe. Kisha mimi.

Lilikuwa kopo la chooni.

Shebe alipiga ukelele mpaka majirani wakaja. Yosti naye, alipoona sinia moja watu sita, na bilauri moja ya maji inazunguka midomo yote, akatoa kichupa akajipaka dawa ya mikono hadi viwikoni. Na huyohuyo ndiye anayepenga kamasi kwenye kitambaa, akakikunja vizuri, akakirudisha mfukoni kama hati ya nyumba! Nikasema, "Mwatumu, harusi hiyo mimi nimenawa mikono."

"Basi nitaolewa hukohuko kwao," akasema, "bila wewe." Akaondoka analia.

Sasa, ndotoni niko uani, kwenye bomba, nanawa. Mkono wa kulia unaniambia, "Haya Bi Nuru, kwaheri."

"Mnakwenda wapi?"

"Si ulisema umetunawa? Aliyetunawa ana haja gani na sisi?"

Ikateremka yote miwili, ikaenda zake inatembea kwa vidole, wa kulia mbele, wa kushoto nyuma. Adabu inayo, sikatai.

Nasukuma mlango wa uani kwa bega niifuate, natokea uwanja wa ndege. Langoni amekaa afisa, na afisa ni lile kopo la buluu, limevaa kofia. Ng'ambo yake namwona Mwatumu na sanduku lake, ananipa mgongo.

"Yule mwanangu," nasema. "Nipishe nikamshike."

"Weka vidole hapa."

"Sina."

"Basi hupiti." Likanitazama kwa mdomo wake. "Bi Nuru, miaka kumi na tisa nakutumikia. Siri zako zote ninazo na sijamwambia mtu. Siku moja tu mtoto wa watu kanitoa chooni, kanikaribisha penye watu, mkanipigia kelele. Mimi nimewakosea nini?"

"Wewe una vijidudu!"

Lahaula, bora ningenyamaza. Ukumbi mzima uligeuka, kumbe abiria wote ni vijidudu. Wamepanga foleni mbili. Wale wa bilauri yetu wamevaa kanzu na kanga, wanaamkiana shikamoo. Wale wa kitambaa cha Yosti wamevaa makoti, kila mmoja kashika bilauri yake.

"Wachafu wale," anasema bibi mmoja mnene wa foleni yetu. "Chooni hawatumii maji, wanajipangusa kwa karatasi."

"Wachafu wale," anasema wa makoti. "Wanakunywa mate ya wenzao."

Nikamuuliza yule bibi, "Na wewe safari ya wapi?"

"Naondoka na Mwatumu. Mimi ni wako, Bi Nuru, nimetoka mdomoni mwako. Nilihamia kwake siku ulipomtafunia wali, hana hata jino. Wewe umenawa, mimi siwezi."

Hapo nililia, sikufichi. Na machozi sikuweza kuyafuta, kwa sababu kwa nini? Mikono.

Kipaza sauti kinaita abiria wa mwisho. "Mikono hurudi kwenye chakula tu," likasema kopo. "Tafuta wa kukulisha, upesi." Naangaza huku na huku. Shebe hayupo, jirani hayupo. Aliyekuja ni Yosti, na sinia la pilau. Akapiga goti, akafinyanga tonge, akaninyooshea.

"Yosti, baba, huo mkono wa kushoto."

"Najua, mama. Wa kulia umeshika sinia."

Mwatumu kafika mlango wa ndege. Nikafumba macho, nikasema bismillahi, nikala. Chumvi ilikuwa kidogo, lakini pilau ni pilau. Nilipofumbua, mikono yangu ilikuwa mahali pake, bado imelowa. Nikapita mbio, nikamkamata mwanangu kwa kanga.

Nikaamka nimekamata foronya. Nikajifuta mdomo, na pembeni mwa mdomo palikuwa na punje ya pilau. Jana usiku nilikula mihogo ya kuchemsha. Nikainusa ile punje. Inanuka dawa ya mikono.

Nikaimeza, nikachukua simu.

"Mwatumu."

"Mama, si ulisema umenawa mikono?"

"Nimenawa, mwanangu. Na anayenawa si anataka kula? Mlete mkwe wangu."