Siku Mfalme Tegid Alipokaa Kimya

Wanaume ishirini na wawili walishuka kutoka ngome ya Din Gwern kwenda kupigana na Waangli, wavamizi waliotoka ng'ambo ya bahari, na wa kwanza kurudi alikuwa mfalme wao. Alirudi peke yake, farasi wake hana hata jasho, mkuki ukimeremeta kama umetoka kwa mhunzi asubuhi ile.

Hunydd alimwona akiingia langoni, naye akaacha kukoroga pombe. Alikuwa dada mkubwa wa mama yake Tegid. Ndiye aliyemlea Tegid baada ya mama huyo kufariki, akamfuta kamasi na kumwosha matope. Kumwogopa mtu wa namna hiyo si kazi rahisi, hata awe na joho jekundu. Alimuuliza Iddon yuko wapi. Iddon ndiye mwanawe wa pekee.

"Wako nyuma, mama mkubwa, wanakuja," Tegid alisema, akaagiza maji ya moto na chakula.

Alikula samaki mzima na mkate wa shayiri, huku akiwasimulia wazee na wanawake waliobaki jinsi alivyoua Waangli saba. Alipofika bakuli la pili la pombe, walikuwa wameshafika tisa. Padri Sawyl aliitikia kwa kichwa kila maiti, maana yeye naye alikuwa anakula meza ile ile.

Siku ya tatu walirudi watano tu. Iddon alibebwa, paja limepasuliwa na mkuki. Mama yake alipokuwa anamsafisha kidonda, kijana alimweleza kilichotokea. Waangli walipotokeza tu ng'ambo ya kivuko cha mto, mfalme alisema farasi wake ana jiwe kwenye kwato, anasogea pembeni kumtazama. Hawakumwona tena.

"Tulimsubiri, mama," Iddon alisema. "Tulidhani amezunguka awapige kwa nyuma."

Hunydd alimaliza kufunga kidonda, akanawa mikono, akaenda ukumbini.

"Farasi wako anaendeleaje na ule mguu?" alimuuliza mfalme.

"Mguu gani?" Tegid akashangaa. Kisha akakumbuka. "Ah, ule. Umeshapona."

"Umepona haraka kuliko wa mwanangu."

Tegid akacheka, akidhani ni utani wa nyumbani. Tangu siku hiyo Hunydd alimpelekea pombe baada ya watu wote, ile ya chini yenye machicha. Tegid aliinywa na kuomba nyingine.

Mwezi haukuisha, Waangli wakafika chini ya kilima, watu wasiopungua arobaini, wakampigia kelele mfalme ashuke. Ghafla Tegid akawa na homa. Alimwambia Hunydd aende yeye: mwanamke mzee hawatamgusa, tena ana maneno. Hunydd alishuka na mapipa mawili ya pombe juu ya mkokoteni.

Mkubwa wao aliitwa Osgar. Mkewe alikuwa mwanamke wa kwetu, kwa hiyo lugha yetu aliiweza, ingawa aliitamka kama mtu anayetafuna kokoto.

"Nimemwita mfalme. Wewe nani?"

"Mimi mpika pombe."

"Mfalme wenu yuko wapi? Nimeapa siondoki mpaka nipate kichwa chake au anipigie goti."

Hunydd aligeuka kutazama juu. Tegid, na homa yake, alikuwa amechungulia kati ya magogo ya ukuta, joho jekundu likionekana kutoka mbali. Kumwonyesha kulihitaji kidole kimoja tu. Lakini kichwa cha mfalme kikikatwa, ngome nayo huchomwa, na ndani ya ngome kulikuwa na Iddon.

"Hatuna mfalme," alisema. "Alifia kivukoni na wenzake."

"Na yule mwenye joho?"

"Yule? Yule anatuchungia nguruwe. Joho kaliokota."

Osgar akapaza sauti. "Wewe huko juu! Ati unachunga nguruwe?"

Watu wote wa Din Gwern walimtazama mfalme wao. Kila mlo Tegid alikuwa akiwakaririsha majina ya baba zake vizazi saba, wote wafalme, na wageni walilazimika kuacha kutafuna mpaka amalize. Sasa hakutaja hata mmoja.

"Ndiyo, bwana," Tegid alijibu. "Nguruwe."

"Basi walete."

Akawaleta. Akawaswaga mwenyewe mteremkoni, akateleza kwenye matope mara mbili, nguruwe mmoja akampita juu ya mgongo. Osgar alimtazama mikono, laini kama ya bibi harusi.

"Mchunga nguruwe ana pete nzuri," alisema.

Tegid alikuwa ameshaivua kabla hajaombwa.

Osgar hakuwa mjinga. Mfalme wa namna hii alimfaa zaidi akiwa hai. Alichukua nguruwe, ng'ombe kadhaa na mapipa yote mawili, akaondoka na watu wake wakicheka mpaka ng'ambo ya mto.

Jioni Tegid alikaa kwenye kiti chake, ameoga, akiwaeleza watu jinsi alivyowachezea Waangli akili. Padri Sawyl akasema ni hekima itokayo juu. Wale watano wa kivukoni walitoka, mmoja mmoja, wakaacha chakula chao.

"Tumewaweza, eh, mama mkubwa?"

"Tegid, ulipoulizwa kama unachunga nguruwe, ulifikiri hata kidogo?"

"Nifikiri nini?"

Hunydd alimkazia macho. Tegid hakuwa anajifanya, hakujua kabisa anaulizwa nini. Hapo hasira yote ya Hunydd ikakatika, maana hakuona tena wa kumkasirikia. Alimtazama kama mtu anavyotazama sufuria iliyotoboka.

Wiki ile ile alipakia vyungu vyake, akampandisha Iddon mkokotenini, wakaenda kwa shemeji yake upande wa juu wa bonde. Siku ya nne akaja mjumbe kutoka Din Gwern, mbio, farasi akitokwa na povu. Mfalme alikuwa anauliza nani sasa atampikia pombe.