Sufuria Mbili za Posa

Ami Harub, ndugu wa marehemu baba yangu, kule Unguja alikuwa karani wa stima. Kazi yake kusoma mita tu, waya hajapatapo kushika. Tulipohamia Maskati baada ya mapinduzi, akashuka melini keshakuwa injinia. Na ndiye walii wangu, wa kuniozesha.

Mwaka wa sitini na nane zikaja posa mbili kwa mpigo, kila moja na sufuria ya stenlesi, maana ndiyo fasheni ya siku zile. Ya Yaarub, mwenye duka Matrah, ni ya kununua, chini ina chapa 430. Ya Suud, fundi wa karakana ya meli Bahrein, kaiunga mwenyewe kwa bati nene lenye chapa 316. Mie namtaka Suud. Roho yangu yote iko kwake, na nyumba nzima inajua.

Ami akavaa miwani. "Mia nne na thalathini. Mia tatu na kumi na sita. Ipi kubwa?"

"Ami, hazipimwi hivyo!" nikamwambia. "Suud kaeleza katika salamu zake. 304 ndiyo ya kawaida ya jikoni, ina nikeli, haishiki kutu upesi, ila chumvi nyingi huitoboatoboa. 316 imeongezwa molibdeni, hiyo hustahamili hata maji ya bahari. 430 haina nikeli. Ni rahisi, na kutu huiwahi."

"Molibdeni! Dawa ya minyoo hiyo." Akatoa sumaku. Kwa Yaarub ikaganda. Kwa Suud ikateleza. "Basi! Chuma kisichoshika sumaku ni chuma gani? Bandia, na aliyeileta vilevile."

Lo, niliwaka! Nikamwambia aitie achari hiyo sufuria ya Yaarub, tuone. Akaijaza kwa mkono wake, ndimu na chumvi tele, akaianika juu ya paa.

Ndimu hazijalainika, sufuria imeshashika kutu. Nikampandisha Ami juu. "Haya, tizama!"

Akatizama, akakohoa. "Unaona? Chuma cha kweli hutoa kutu. Kisichotoa kutu si chuma."

Mama alicheka mpaka akakaa kitako. Nami nacheka, najua nishashinda. Mara Bi Rahila, mama yake Yaarub, huyo anapanda ngazi, kaja kuulizia jibu. Akaiona sufuria yake ina ndimu. Kutu hata hakuitizama. Alipiga kigelegele, majirani wakachungulia.

Kwetu chombo cha posa hakitumiwi mpaka jibu litoke. Kikishatiwa chakula, posa imekubaliwa. Hata mtoto mdogo anajua, ila hasira zilinisahaulisha.

"Alhamdulillahi," akasema Ami, "mie nlisema tokea mwanzo."

Ya Suud ikabidi irejeshwe kwa watu wake siku ile ile. Wakanipa mie niifunge kwa kanga. Haikuwa na doa hata moja. Nikaikumbatia nikalia, machozi yakadondokea ndani.

"Yafute, mwanangu," Mama akaninong'oneza. "Isije ikaonekana imetumika."